Kabla ya Kuongeza Ramu

Mjini Mbinga ramu hununuliwa msimu wa kahawa. Malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yakiingia, kompyuta za mezani zilizovumiliwa mwaka mzima hubebwa kwa fundi: za stesheneri, za shule, hata za ofisi za ushirika wenyewe. Nyingi ni OptiPlex za Dell au Compaq za HP, mitumba yenye gigabaiti 2 au 4. Mwenye mali huja ameshaamua: "Mwanangu, imekuwa nzito, niongezee ramu." Fundi mzuri humwamkia, humvutia kiti, halafu haongezi chochote.

Huuliza tu: "Inakuwa nzito wakati gani, mama?" Mashine inayochelewa kuwaka kisha ikatulia haina ugonjwa mmoja na ile inayowaka upesi ila ikakwama mama anapofungua Chrome, fomu ya mkopo ya mwanafunzi na picha ya skana kwa pamoja. Basi humwomba aketi afanye kazi zake kama alivyozoea, huku kidirisha cha Windows kikionyesha pembeni jinsi ramu, diski na prosesa zinavyotumika. Hapo kazi ni kungoja. Ramu ikipanda hadi asilimia 90 na diski ikaanza kuhangaika ilhali hakuna faili linalohifadhiwa, Windows imeishiwa nafasi, inaazima diski iwe ramu. Mama amesema kweli. Lakini ramu ikisimama nusu na diski peke yake ikawa asilimia 100, tatizo ni diski ya zamani ya kuzunguka. Gigabaiti 4 za nyongeza hazitamfaa kitu. SSD itamfaa, tena ataona tofauti siku hiyohiyo.

Wakulima wa huku Umatengo wanapolima ngoro, mashimo yao ya mlimani, hulaza nyasi kwanza katika miraba, ndipo hufukua udongo wa katikati na kuzifunika. Hakuna aanzaye na udongo. Fundi naye ana mpangilio usiopinduliwa, na mimi huo ndio ninaousifu kuliko wepesi wa vidole vyake.

Hata ramu ikithibitika kuwa pungufu, hafungui pochi ya mteja bado. Huangalia Windows yenyewe. Ya biti 32 haivuki gigabaiti 4, na kwa kawaida hubaki na 3 na kitu za kutumia; ukiweka 8, umenunua kitu ambacho mashine haikioni mpaka upige Windows ya biti 64. Kisha huja madabodi: ina sloti ngapi, inapokea kiasi gani, ni DDR2 au DDR3? Zote mbili zina pini 240 na urefu uleule, ila mkato wa chini umewekwa mahali tofauti ili zisiingiliane, maana moja hutaka volti 1.8 na nyingine 1.5. Mwisho lebo. Katika PC3-12800U, PC3 ni DDR3, 12800 ni megabaiti kwa sekunde, na ile U, alama ya ramu ya kompyuta za kawaida, ndiyo inayookoa hela. Ikiwa R, ramu hiyo imetoka kwenye seva. Bei inaweza kukuvutia, lakini kwenye mashine ya stesheneri haiwaki.

Na kuna ufutio. Mashine inapopiga milio bila kuonyesha picha, fundi huchomoa ramu, husugua pini zake taratibu kwa ufutio wa mwanafunzi, hupiga brashi sloti, huirudisha hadi vibanio vyote viwili vilie. Ramu iliyokwisha kutangazwa marehemu huweza kufufuka hapo. Haamini haraka, hata hivyo: huiacha kwenye programu ya kupima usiku kucha.

Kwa mteja wa Mbamba Bay hesabu inaongezeka nauli, kilomita 66 za kupanda kutoka ziwani. Fundi humwambia apige picha lebo na sloti, atume WhatsApp. Ikiwa ni DDR2, sloti mbili, zote zimejaa, jibu huwa fupi: "Kaka, usije. Iache ichape barua, hela weka kwa ajili ya nyingine." Ana sababu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine za umri huo hazina. Anayetaka kuendelea nayo atawekewa Linux nyepesi, kama yuko tayari kujifunza upya mahali vitu vilipo. Wengi, kusema kweli, hawako tayari.

Tatizo ni kwamba mteja wetu hulipia kifaa, halipii macho. Fundi aliyekaa saa nzima akagundua kuwa hakuna cha kununua huambiwa asante tu, wakati jirani yake aliyechomeka ramu isiyohitajika ameondoka na noti. Ningependa kuona ukaguzi umeandikwa bei ubaoni, juu kabisa, kabla ya bei ya kupiga Windows.