Husuni, Gereza na Ngome: Uhakiki wa Istilahi za Magofu ya Kilwa

Mwalimu mmoja wa Mbwara, Rufiji, alinionyesha karatasi aliyokuwa akiwasomea wanafunzi wake kabla ya safari yao ya kwenda Kilwa. Karatasi hiyo, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, iliieleza Husuni Kubwa kuwa ni ngome ya mpakani ya zama za kati. Mwanafunzi mmoja akauliza: mpaka huo ulikuwa baina ya Kilwa na nani? Mwalimu hakuwa na jibu. Naamini hata mfasiri asingekuwa nalo, kwa sababu mpaka huo haukuwapo.

Kosa la tafsiri hiyo si la sarufi. Kila neno lililotumika ni Kiswahili fasaha. Kosa ni kwamba maneno matatu, yaani ngome, mpaka na zama za kati, yamechukuliwa kwa pamoja kutoka historia ya Ulaya na kubandikwa juu ya jengo ambalo lilikuwa na kazi nyingine. Makala hii inakusudia kuyapima maneno hayo moja moja, kisha kupendekeza utaratibu utakaomfaa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa idara inayoandika vibao na vitabu vya mahali pa kale.

Tuanze na jengo lenyewe. Husuni Kubwa iko Kilwa Kisiwani, juu ya mwinuko unaotazama bahari upande wa kaskazini, mashariki ya mji wa kale. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuzi wa magofu ya Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alionyesha kuwa jengo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa, birika la kuogea lenye pembe nane, na ngazi za kuteremkia baharini. Upande wa baharini ndiko kulikokuwa na makazi ya mtawala. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyoelekea kuwa vya kuwekea bidhaa. Ujenzi wenyewe haukukamilika, na jengo liliachwa baada ya muda usio mrefu.

Msomaji atazame orodha hiyo kwa makini. Birika, makazi, ghala, ngazi za kupokelea wageni na mizigo: hivi ni viungo vya kasri la mfalme mfanyabiashara. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, na sarafu yenye jina la sultani huyu imeonekana hadi Zimbabwe Kuu, mbali sana na pwani. Kweli, Ibn Battuta anaeleza kuwa sultani huyu alikuwa akifanya mashambulizi bara. Kwa hiyo vita vilikuwapo. Lakini mtu kupigana hakuifanyi nyumba yake kuwa ngome, kama vile mkulima kuwa na panga hakumfanyi askari.

Hapa mfasiri anaweza kujitetea kwa hoja yenye nguvu. Atasema: mbona wenyeji wenyewe huliita jengo hilo Husuni? Katika Kiarabu, hisn ni ngome, na wingi wake ni husun. Je, Waswahili hawakuwa wameshaitoa hukumu? Hoja hii yafaa kujibiwa kwa heshima, maana jina la mahali ni mali ya watu wa mahali hapo, na mtaalamu wa istilahi hana haki ya kulifuta. Hata hivyo jina la gofu si ushahidi wa kazi ya jengo lilipokuwa hai. Aonaye kuta nene zimesimama juu ya mwinuko wa bahari huweza kuziita husuni kwa sababu ya sura yake tu.

Sisi wa Rufiji tuna mfano wa karibu. Katika bonde la mto, wakulima hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mgeni akilitazama kwa mbali ataapa kuwa ni mnara wa ulinzi, na hatakosea kabisa, maana mkulima hulinda shamba lake humo dhidi ya ndege na wanyama. Lakini humo pia familia hulala, hupika na kuishi msimu mzima, na miguu ile mirefu ni kwa ajili ya mafuriko. Mfasiri atakayeandika kuwa bonde la Rufiji limejaa minara ya ulinzi atakuwa ametafsiri sura, na maisha ameyaacha nje. Ndivyo ilivyotendewa Husuni Kubwa.

Neno la pili ni mpaka. Katika historia ya Ulaya mpaka wa falme mara nyingi ulikuwa ardhi iliyogombewa, na majengo yake yanaeleweka kwa ugomvi huo. Mfalme Edward I wa Uingereza alipoishinda Wales, alianza mwaka 1283 kujenga Conwy na Caernarfon ili kuwatiisha watu wa nchi ile. Dola ya Kilwa haikuwa na umbo hilo. Ilikuwa mlolongo wa bandari na visiwa, na nguvu yake ilifuata njia za majahazi na pepo za msimu. Ukingo wa Kilwa ulikuwa ni pwani, na pwani ndipo mgeni mwenye mali alipokaribishwa. Kumwambia mtoto kwamba hapo palikuwa mpakani ni kumfundisha kuwa wazee wa pwani hii waliitazama bahari kwa hofu, hali wao waliitazama kama mlango.

Neno la tatu, zama za kati, lina kasoro nyepesi zaidi. Ni istilahi halali kwa historia ya Ulaya, inayokaa kati ya kuanguka kwa dola ya Rumi na mwamko wa elimu uliofuata. Kwa Kilwa haiko kati ya chochote. Kusema karne ya 14 kunatosha, na tena kuna usahihi zaidi.

Je, Kilwa haina ngome? Inayo, na hapa ndipo mchanganyiko unapozidi. Karibu na ufuo wa mji wa kale limesimama jengo liitwalo Gereza. Wareno waliitwaa Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome, kisha wakaiacha mwaka 1512. Jengo tulionalo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa mwanzoni mwa karne ya 19, nalo lina mabaki ya kazi ya Wareno ndani yake. Hii ndiyo ngome halisi. Lakini mtoto wa leo akisoma Gereza hufikiri wafungwa.

Neno hili kwa kawaida huhusishwa na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Njia ya maana yake si ya ajabu. Unguja, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mombasa, Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumika kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Kanisa, ngome, jela: neno moja limebeba kazi zote tatu kadiri kuta zilivyobadili wenyewe. Basi Kilwa ina kasri lenye jina la ngome, na ngome yenye jina la jela. Mfasiri asiyejua historia atayageuza yote mawili juu chini.

Lipo pia jengo la tatu, Husuni Ndogo, karibu na Husuni Kubwa. Ni ua wa mstatili wenye ukuta mnene na minara, na wataalamu hawajakubaliana ulitumiwa kwa kazi gani. Hapa wajibu wa istilahi ni kutosema zaidi ya inavyojulikana. Kuandika "ua wenye ukuta na minara" si udhaifu wa lugha, ni uaminifu. Wenyeji wametuonyesha mfano mwema katika jina la Makutani, kasri la karne ya 18 lililo papo hapo kisiwani: jina lasema kuta zipo, basi.

Kutokana na hayo napendekeza mambo manne.

Kwanza, majina ya mahali yabaki kama yalivyo: Husuni Kubwa, Husuni Ndogo, Gereza, Makutani. Yasitafsiriwe, wala yasifanywe kuwa nomino za kawaida.

Pili, kando ya kila jina liwekwe neno la kueleza kazi: "Husuni Kubwa, kasri la sultani na mahali pa biashara", "Gereza, ngome ya Waomani".

Tatu, ngome litumike kwa jengo ambalo kazi yake ya kwanza ni ulinzi wa silaha. Kasri kwa makazi ya mtawala. Boma kwa eneo lililozungushiwa wigo au kwa makao ya utawala. Maana hii ya mwisho imeshakomaa: mzee wa Rufiji akisema anakwenda bomani, haendi kujihami, anakwenda kwenye ofisi za serikali.

Nne, kwa majengo kama Conwy, ambayo yalikuwa makazi, ngome na makao ya utawala kwa pamoja, hakuna neno letu moja linalotosha. Baadhi wamejaribu "ngome ya mwinyi" kwa kuwa umwinyi umezoeleka katika kueleza mfumo wa kikabaila. Naona ni hatari, maana mwinyi wa pwani alikuwa na cheo na mila zake, wala hakuwa kabaila wa Wales. Napendekeza "kasri-ngome", litumike kwa majengo ya namna hiyo tu, lisije likahamishiwa Kilwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, safari ya kutoka Kibiti kwenda kusini haingoji tena kivuko cha Ndundu. Wanafunzi watazidi kwenda. Kuta watazikuta zimesimama. Lakini habari ya kuta hizo wataipata kwetu sisi tunaochagua maneno. Yule mwanafunzi wa Mbwara aliuliza swali ambalo mfasiri alipaswa kujiuliza kabla ya kushika kalamu. Maoni ya wasomaji juu ya mapendekezo haya, hasa ya walimu na wafasiri wa pwani ya kusini, yatapokelewa kwa shukrani.