Pirogi Nzuri Huonekana Jioni

Hapa Kindu, anayetaka kukuuzia pirogi, yaani mtumbwi wa gogo, atakuita asubuhi, mto ukiwa umetulia, chombo kimeoshwa na kulazwa mchangani. Usiende. Mwambie mtaonana saa kumi na moja jioni, kipindi cha mvua, wingu likianza kufunga upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Saa hiyo ndipo pirogi zinaporudi ukingo wetu wa Mikelenge na watu wa soko, baiskeli na magunia, na upepo hautulii upande mmoja. Ukiona jinsi chombo kinavyofika saa hiyo, umekwisha kujua nusu ya thamani yake.

Wenzetu wa Lamu, siku za Maulidi, hushindana kwa mashua za tanga, mabaharia wengine wakikalia ubao uliotokeza nje ili chombo kisilale. Waungwana wa pwani waliokuja Maniema na mfanyabiashara Tippu Tip walituachia lugha na mpunga, ila tanga halikushika kwetu. Sishangai. Mto wetu, Lualaba, unapita kati ya miti inayouvunja upepo: unavuma huku, unakatika, unarudi kwa upande ambao hukuutazamia. Baharia wa Lamu hupanda upepo. Mpiga kafi wa Kindu huuvumilia, na chombo chake kimechongwa kwa kazi hiyo.

Tazama mti kwanza, lakini usikawie hapo, maana wanunuzi wengi humalizia hapo kazi yote. Kambala, huo mvule wa Watanzania, una sifa yake: kiini chake hakiozi haraka na wadudu hawakipendi. Pitisha macho ukingoni. Ukiona mstari mweupe kando ya kahawia, fundi aliacha nyama ya nje ya mti, na kuoza kutaanzia papo hapo. Kisha nenda omo na tezi ukatafute moyo wa gogo, kwa sababu nyufa huanzia moyoni zikielekea nje. Fundi mwenye akili huchagua gogo nene na kulichonga ili moyo uondoke pamoja na vibanzi. Wengi hawafanyi hivyo, kwa kuwa gogo nene ni ghali na kulitoa msituni ni kazi ya watu wengi.

Kiraka cha bati si aibu. Chombo kilichofanya kazi kina makovu, na mimi ninakiamini kuliko kile kilichopakwa gudroni (lami) mpya mwili mzima; gudroni nyingi huficha. Kinachotisha ni kiraka kirefu kinachofuata nyuzi za mti chini ya tumbo. Huo ni ufa unaosafiri, na misumari haitausimamisha.

Sasa gonga. Tumia kifundo cha kidole, uanze omo hadi tezi, ubavu huu na ule. Tumbo linapaswa kuwa nene, mbavu nyembamba, na sauti ibadilike polepole. Ikiruka ghafla, tezo ilichimba kupita kiasi mahali hapo. Mafundi wazee hawaringi kwa wembamba. Wanaringa kwa usawa. Pirogi nyembamba yenye ubavu mmoja mzito itakusumbua maisha yake yote, na mtu wa tezi atachoka mkono mmoja bila kujua kwa nini.

Kuna jaribio moja ambalo wauzaji hawalipendi. Isukume majini ikiwa tupu, umimine ndani yake ndoo ya maji, kisha usubiri yatulie. Yakikaa katikati, vizuri. Yakiegemea ubavuni, chombo kimepinda, hata kama jicho lako halikuona kitu. Maji hayo hayabembelezwi kwa bei.

Baada ya hapo ndipo uangalie uvukaji, na hapa nakuomba uvute subira, kwa sababu ubora wa chombo na ubora wa mtu huchanganyika. Mpiga kafi mbaya huelekeza omo moja kwa moja kwenye gati analolitaka, halafu anapigana na mkondo hadi jasho limwingie machoni, na bado anafikia chini yake. Mzuri hupanda kwanza kandokando ya ukingo, ambako maji ni mapole, akitumia upondo pale penye kina kifupi. Akifika juu vya kutosha huigeuza omo mshazari, ikitazama kule mto unakotoka, na kuuacha mkondo umpeleke ng'ambo. Mtazame wa tezi. Akirekebisha kila pigo, ama hajui kazi ama pirogi haishiki njia. Mwombe mwingine aishike, utajua ni lipi.

Upepo ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi hufupika na kusimama wima. Pirogi yenye omo iliyoinuliwa kidogo hupanda na kushuka. Yenye omo butu hulipiga wimbi na kuwamwagia abiria maji. Upepo ukigeuka na kuja ubavuni, hesabu nafasi kati ya ukingo na maji. Chini ya shubiri moja, ikiwa imepakiwa, nisingempandisha mwanangu, hata nahodha awe nani. Wapo wenye mitumbwi watakaokuambia shubiri ni woga wa watu wa ofisini. Waache waseme.

Bei usiione kubwa bila kufikiri. Mwaka 1871 msafiri Livingstone alikaa Nyangwe, juu yetu kwenye mto huu huu, miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuvukia. Hakuipata, akarudi Ujiji. Mwenye pirogi alikuwa na neno la mwisho zamani, na analo hata leo.

Kwa hiyo lipa vizuri ukipata kitu kizuri: mti wa kambala usio na weupe, mbavu zilizo sawa, maji ya ndoo yaliyotulia katikati, shubiri moja na zaidi ikiwa na mzigo. Ila mzigo huo uuone kwa macho yako, majini, jioni. Muuzaji akikataa kuipakia kabla hujamlipa, mwachie pirogi yake.