Mti wa Matini na Neno Lililosahihishwa: Tatizo la Kulinganisha Vifundo katika Kiswahili cha Kongo

Mwanaisimu aliyezoea mchoro wa matawi hapati shida kuuelewa muundo wa XML, uliopitishwa na World Wide Web Consortium mwezi Februari 1998. Matini hufungwa ndani ya lebo, lebo ndogo ndani ya kubwa: sura hubeba aya, aya hubeba sentensi, sentensi hubeba maneno. Kila lebo ni kifundo cha mti. Novemba 1999 ikafuata XPath, lugha ya kuteua vifundo kwa masharti. Kompyuta hupitia kifundo kimoja baada ya kingine. Kinachotimiza sharti huchukuliwa, kisichotimiza huachwa kimya kimya. Ukimya huo ndio unaostahili kuhakikiwa, hasa matini inapokuwa ya Kiswahili cha Kongo.

Tuchukue mfano wa mtafiti anayerekodi mazungumzo Rughenda, mjini Butembo, au katika masoko ya Beni. Mara nyingi atasikia *batoto*. Sharti la utafutaji likiwa umbo *watoto*, kila *batoto* itaachwa bila onyo lolote, na hesabu itadai kwamba watu wa Butembo hawawataji watoto wao.

Njia ya mkato ni kusahihisha kwanza, kisha kutafuta. Njia hiyo ina kasoro mbili. Mosi, ni ya kiufundi: katika mfumo wa DOM wa mwaka 1998, orodha ya vifundo vilivyotafutwa kwa jina la lebo ni hai. Kifundo kikiondolewa wakati orodha ingali inapitiwa, vilivyobaki husogea, na kinachofuata hurukwa. Pili, nayo ni nzito zaidi: kiambishi *ba-*, ambacho ndicho data yenyewe, hufutika.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa mtazamo wa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian, aliyeihariri na kuichapisha mwaka 1990, alikuta mipaka ya maneno haifuati kanuni moja. Kwa msaada wa Kalundi Mango, matini ilirudishwa kwenye sauti kwa kusomwa. Toleo hilo liliweka andiko la asili na lile lililosomwa, pasipo moja kufuta jingine. Mti wa XML haupaswi kufanya pungufu ya hapo.

Miongozo ya Text Encoding Initiative, toleo la P5 la mwaka 2007, inaruhusu jambo hilo: elementi *choice* hubeba *orig*, umbo la asili, na *reg*, umbo lililokaidishwa. Hata hivyo, istilahi hizo zina hukumu ndani yake. Kuiweka *watoto* chini ya *reg* ni kudai kwamba *batoto* haina kanuni, ilhali *ba-* hufuata sarufi yake barabara. Lililo bora ni kukipa kila kifundo cha neno sifa mbili: mzizi *-toto* na ngeli ya 2. Sharti likielekezwa kwenye sifa hizo, maumbo yote mawili hupatikana, na hakuna linalogeuzwa kuwa kosa la jingine.

Sifa hizo nazo zahitaji uangalifu. Katika *kitabu yangu*, usemi wa kawaida mashariki mwa Kongo, nomino ina kiambishi cha ngeli ya 7 ilhali kimilikishi kina upatanisho wa ngeli ya 9. Programu ikiruhusiwa kurithisha ngeli ya nomino kwa kila neno linaloifuata, mti utaonyesha upatanisho ambao msemaji hakuutumia. Kwa hiyo kila neno lipewe ngeli kwa umbo lake lenyewe. Kazi hiyo ni ndefu, na haiwezi kuachiwa kompyuta peke yake. Lakini bila kufanywa, msemaji wa Butembo atakuwa ameingizwa katika mti na bado asionekane.