Chubwi si Nanga: Maoni Juu ya Istilahi za Uvuvi wa Samoni

Tumepata kusoma mswada wa tafsiri ya mwongozo wa kuchagua vifaa vya kuvulia samoni wakati wa baridi, uliokusudiwa wasemaji wa Kiswahili walioko pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada. Sarufi ya mfasiri haina kasoro. Hata hivyo, istilahi zake zinadhihirisha maradhi yaliyoenea miongoni mwetu, yaani kuunda neno kabla ya kumwuliza mwenye kazi yake.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe. Katika ghuba ya Puget Sound wapo samoni wa aina ya chinuki ambao, kabla ya kupevuka, hukaa humo wakati wa baridi wakila heringi na samaki wengine wadogo karibu na sakafu ya bahari, mara nyingi katika kina cha mita 30 hadi 55. Mvuvi huwatafuta kwa kurambaza. Lakini chambo kitafikaje chini hali chombo kinakwenda? Hapo ndipo hutumika daunriga, yaani kigurudumu cha waya kilichofungwa ukingoni mwa chombo, mkono wenye roda, na donge zito la madini ya risasi mwishoni mwa waya. Mshipi hushikizwa kwenye waya kwa kibanio. Samaki akinasa, kibanio huachia, na mvuvi humvuta samaki bila ya uzito ule.

Sasa tutazame istilahi tatu za mswada.

(a) *Nanga*. Hivi ndivyo mfasiri alivyoliita donge lile. Kazi ya nanga ni kushika chini ili chombo kisimame. Kazi ya donge hili ni kuzama huku chombo kikienda, tena bila kugusa chini. Likinasa mwambani, waya waweza kukatika au kuvuta ukingo wa chombo. Msomaji aliyeambiwa kuwa hiyo ni nanga atalishusha mpaka sakafuni, naye atakuwa ametii alichokisoma. Wavuvi wa pwani yetu wanalo neno *chubwi*, kitu kizito kinachozamisha mshipi. Kwa kuwa hili limefungwa kwenye waya wake peke yake, twaweza kusema *chubwi la waya*, tukalitenga na *chubwi la mshipi*. Wako watakaopendelea *bildi*, lakini hiyo ni ya kupimia kina, na kupima si kazi ya donge hili.

(b) *Kupuliza nyuma*. Maneno haya yamefasiriwa neno kwa neno, ilhali chini ya maji hakuna upepo. Maana yake ni kwamba maji huusukuma waya na chubwi kuelekea nyuma, waya ukalala badala ya kusimama wima. Twapendekeza *mlalo wa waya*. Jambo hili si dogo. Mvuvi akitoa mita 50 za waya, nao ukalala kwa nyuzi 30 kutoka wima, chubwi litakuwa katika kina cha mita 43 tu, hata kama kihesabio kinaonyesha 50. Samaki wako chini, chambo kinapita juu yao. Ndiyo sababu ya kuchagua chubwi zito zaidi penye kina kirefu na mkondo mkali: kilo 4.5 hadi 6.8 hutumika sana, na wengine hufikia kilo 9. Mswada umeyataja mapendekezo ya uzito, lakini kwa kuwa neno la sababu limepotea, msomaji hataelewa kwa nini aongeze kilo.

(c) *Kipupwe*. Kipupwe chetu ni cha Juni hadi Agosti. Baridi ya huko ni ya Desemba hadi Februari, wakati ambapo kwetu huvuma kaskazi na joto limezidi. Anayefuata kalenda ya kwao atakwenda baharini katikati ya kiangazi cha huko. *Majira ya baridi*, pamoja na kutaja miezi, yangetosha.

Kwa daunriga yenyewe mswada una *kiteremshi*, neno linaloweza kuitwa chochote kinachoteremsha, hata lifti. Sisi twaonelea *kizamishio cha chambo*, kwa sababu kinataja kazi na kinachofanyiwa kazi. Hatusemi kwamba ndilo neno la mwisho.

Ni dhahiri kwamba samoni hawapatikani Bahari ya Hindi. Lakini kuzamisha, kurambaza na kupima kina ni kazi zilizofanywa hapa karne nyingi, na maneno yake yako midomoni mwa watu walio hai. Mfasiri asiyewauliza huandika Kiswahili fasaha kinachompeleka msomaji mwambani. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu walioko pwani, watuletee majina mengine ya vifaa hivi kama yanavyotumika kwao.