Msimbo wazi peke yake hauwashi skrini

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, na Windows 11 rasmi haikubali laptopu yenye prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane. Sasa pita Darajani au Mlandege uangalie laptopu za mtumba zilizopangwa madukani, nyingi zimekuja kwa njia ya Dubai. Ziko Latitude, EliteBook na ThinkPad imara kabisa ambazo kwa hesabu hiyo zimeshaambiwa kwaheri.

Hapo ndipo unapoletewa ushauri: usiitupe mashine, tia mfumo huria, itafufuka. Kwa Linux ushauri huu mara nyingi unafaa. Tatizo linaanza mtu anapoongeza: au jaribu FreeBSD, au OpenBSD, au Haiku, zote ni huria, zote ni bure, kwa hiyo ni mamoja. Hapana, si mamoja. Anayekwambia hivyo anaweza kukupotezea muhula mzima.

Twende taratibu. Chipu ya picha ni kama bandari yenye miamba. Meli hata iwe kubwa vipi inahitaji rubani anayejua mkondo. Rubani wa chipu ni draiva: kipande cha programu kinachojua rejista gani iandikwe nini, kwa mpangilio gani, ili picha itoke. Rubani asipokuwepo, mfumo unabaki na njia moja ya dharura, nayo ni eneo la kumbukumbu linaloandaliwa na programu ya kuwashia mashine. Picha unaipata, ndiyo, lakini kila nukta inachorwa na prosesa yenyewe. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ukitaka ibadilike mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Ndiyo maana video inakatakata, feni inalia na betri inakwisha.

Wengi wanadhani hasara ni kukosa magemu tu. Si hivyo. Mara nyingi draiva hiyohiyo ndiyo inayopunguza mwanga wa skrini, inayotoa picha kwenye projekta, na inayorudisha skrini baada ya mashine kulala. Kisiwa chetu kinapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari, na wanaokumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua maana yake. Mahali kama hapa, laptopu isiyolala na isiyopunguza mwanga ina kasoro kubwa. Kwa mwanafunzi, hiyo ni saa ya kazi iliyopotea kila umeme unapokatika.

Sasa kwa nini mifumo hii midogo inahangaika, na msimbo uko wazi? Jibu la kwanza ni ukubwa wa kazi. Draiva ya chipu za AMD ndani ya Linux pekee ina mistari zaidi ya milioni mbili, mingi ikiwa ni maelezo ya rejista yaliyozalishwa na programu. Intel na AMD zinalipa wahandisi kuiandika na kuitunza kwa ajili ya Linux. Kwa FreeBSD na OpenBSD hakuna jeshi kama hilo, kwa hiyo zinachukua draiva za Linux na kuzihamishia kwao. Kisheria inawezekana, kwa sababu sehemu kubwa ya draiva hizo ina leseni ya MIT, isiyowabana kama ile ya Linux kwa jumla. Kiufundi ni kazi isiyoisha: kila Linux inapobadilisha mambo yake ya ndani, anayehamisha anaanza tena kushona.

Matokeo yake ni kuchelewa. FreeBSD 14.0 ilitoka Novemba 2023 ikitegemea draiva za Linux 5.15, toleo la Oktoba 2021. Miaka miwili nyuma. Ukiwa na laptopu mpya, umeumia. Lakini angalia: OpenBSD 7.3, mradi mdogo zaidi, ilitoka Aprili 2023 ikiwa tayari na draiva za Linux 6.1, toleo la Disemba 2022. Kwa hiyo ukubwa wa mradi hauelezi kila kitu. Linaloamua ni kama yupo mtu anayeshona kila wiki bila kuacha. Haiku, iliyoanza 2001, inaweza kupanga skrini ya chipu kadhaa za Intel na AMD, lakini kwa kawaida michoro ya pande tatu bado inaangukia kwenye prosesa.

Jibu la pili ni zito zaidi: siri. Kwenye chipu za NVIDIA, kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell mwaka 2014, programu ndogo ya ndani lazima iwe na saini ya kampuni. Waliokuwa wakiandika draiva huria walikwama: chipu inawaka, lakini hawawezi kuipandisha kasi. Mei 2022 kampuni ilifungua sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli ya Linux, kwa chipu za Turing na za baada yake. FreeBSD inapewa draiva iliyofungwa. OpenBSD haipewi kitu.

Linganisha na jambo tulilolifanya wenyewe Afrika Mashariki. Disemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili sanifu, lugha iliyojengwa juu ya Kiunguja hiki hiki. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na ujuzi uliohitajika, yaani Kiswahili, tunao. Draiva inataka ujuzi wa aina nyingine: waraka wa chipu. Ukifichwa, bidii yako ya mwaka mzima haitaufidia.

Kwa hiyo kosa la ushauri ule ni kuhesabu uhuru kwa leseni ya mfumo peke yake. Uhuru wako una nguzo tatu: leseni, waraka wa kifaa, na mtu wa kutunza. Moja ikikosekana, utakuwa huru kwenye karatasi na skrini yako nyeusi. Na wale wanaosema mifumo hii ni michezo ya watoto nao wanakosea. Kwa seva isiyo na skrini, FreeBSD na OpenBSD ni kazi ya watu wazima kabisa, na ukitaka kujifunza mfumo endeshi unavyofanya kazi, msimbo wa Haiku ni darasa zuri.

Ukinunua mashine kwa ajili ya mifumo hii, anza na chipu ya picha. Intel ya ndani, iliyokaa sokoni miaka kadhaa, ndiyo salama zaidi. Nenda dukani na flashi yenye mfumo unaoutaka, iwashe, kisha jaribu mambo manne kabla ya kutoa pesa: skrini ijae kwa vipimo vyake, mwanga upungue, mashine ilale na iamke, projekta ipokee picha. Muuzaji akikataa usijaribu, mshukuru, nenda duka la pili.

Na vyuo vyetu vinaponunua kompyuta za maabara, viulize swali moja zaidi ya bei na gigabaiti: waraka wa chipu hii uko wazi? Mnunuzi wa mashine hamsini anasikilizwa kuliko mwanafunzi mmoja mwenye flashi mkononi.