Pongezi kwa Wasoma Magurudumu

Ghala la shamba kuukuu likifunguliwa huko Uingereza au Marekani, si ajabu yakatoka magurudumu mawili matatu yaliyoliwa na kutu, gari lenyewe likiwa limetoweka zamani. Hapo huitwa fundi wa magari ya kale, mtu anayestahili pongezi zetu.

Fundi huyu habahatishi. Husugua kutu, huhesabu matundu ya nati, kisha hupima duara linalopita katikati ya matundu hayo. Yakiwa matatu, huwaza Ufaransa: Citroën 2CV au Renault 4. Yakiwa matano kwenye duara pana la milimita 205, huikumbuka Volkswagen Beetle ya zamani. Rimu ya Ford Model A yenye spoki za chuma humtajia hata mwaka: inchi 21 ni ya 1928 au 1929, inchi 19 ni ya 1930 au 1931.

Spoki za mbao humrudisha nyuma zaidi, kwenye Ford Model T na mikokoteni ya farasi. Waunda magurudumu wa mikokoteni walipasha moto pete ya chuma hadi itanuke, wakaivisha gurudumu, wakaimwagia maji. Pete ikanywea na kuzibana mbao zote. Chama chao cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1670.

Ujuzi wa fundi wetu wa magari ya kale huokoa historia isiuzwe kwa kilo. Ukikuta gurudumu usilolijua, mwite fundi kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.