Pindo la Jogoo wa Sebright

Kwa kuku wenye pindo, yaani ukingo wa rangi tofauti unaozunguka unyoya, jogoo ndiye mtihani. Mtazame Wyandotte wa rangi ya fedha, aliyeingizwa kwenye orodha ya koo rasmi Marekani mwaka 1883. Jike ana pindo jeusi karibu mwili mzima. Jogoo analo kifuani, lakini shingoni na kiunoni ana manyoya marefu yaliyochongoka, yenye mstari mweusi katikati.

Sir John Sebright, mbunge wa Uingereza aliyechapisha kijitabu kuhusu uzalishaji wa mifugo mwaka 1809, alipata jogoo aliyepambwa sawasawa na jike hadi mkiani, tena kuku mdogo wa gramu 600 hivi. Ufundi wake naustahi sana. Jogoo wa Sebright ana manyoya ya kike: mafupi, ya mviringo, yasiyo na mkia uliopinda. Unyoya wa namna hiyo una nafasi ya pindo kuzunguka kama kwenye kanga.

Sababu ilijulikana baadaye sana. Mwanasayansi T. H. Morgan, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1919, aliwahasi majogoo hao, nao wakaota manyoya marefu ya kiume. Ngozi yao ina kimeng'enya kinachogeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, kazi ambayo kwa kuku wengine hufanywa hasa na ovari. Kipande cha kirusi cha kale, kilichojipachika kando ya jeni ya kimeng'enya hicho, ndicho kinachoiwasha ngozini.

Pindo lenyewe linahitaji jeni tatu pamoja: moja hupanga weusi kwa mistari, ya pili huubana, ya tatu huuongeza. Ukichanganya na kuku asiye na pindo, watoto huwa na mchoro uliovurugika. Rangi ya chini, fedha au dhahabu, hurithiwa kwa jinsia: jogoo wa dhahabu akipanda jike wa fedha, watoto wa kiume huwa fedha, wa kike dhahabu.

Kifaranga hakuonyeshi haya. Malaika yake hayana pindo, na manyoya ya kwanza huja na madoa na mistari ovyo. Pindo safi hutokea anapobadilisha manyoya kuelekea ukubwani, karibu miezi sita. Kwa hiyo, mfugaji, usiuze wala usichinje kifaranga kwa sababu ya madoa. Chagua wazazi wakishavaa manyoya ya ukubwani.